Sukari Ilishuka Tena

Katika miaka yangu yote ya upelelezi sijawahi kumkamata mtu asiye na hatia. Nasema hivyo kifua mbele. Wenzangu kituoni wananiita Pua, na si kwa sababu ya ukubwa wake, ingawa wapo wenye midomo isiyo na breki wanaodai hivyo. Wananiita hivyo kwa sababu uongo ukiingia chumbani, mimi naunusa kabla haujavuta kiti. Miaka yenyewe ni miwili, lakini rekodi ni rekodi.

Dawati la polisi pale hospitalini limebanwa kati ya chumba cha kuwafunga plasta waliovunjika mifupa na choo cha wagonjwa. Ukiketi hapo asubuhi moja tu, unajifunza mengi kuhusu binadamu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua dirisha, kwa sababu zinazoeleweka, sista wa zamu alipochungulia.

"Pua, njoo. Kuna mtoto."

"Kagongwa?"

"Babake anapiga kelele kwamba kalishwa sumu."

Nikavaa kofia. Kwa sumu, kofia ni lazima.

Chumba cha dharura cha watoto kina vitanda sita na mapazia yenye picha za samaki waliopauka kwa kufuliwa. Kitanda cha kwanza, kile cha karibu na mlango, huwekewa wale wasioweza kusubiri foleni. Hapo alilala msichana wa miaka minne hivi, gauni lake limelowa jasho kana kwamba katolewa mtoni. Macho yalikuwa yamegeuka juu, mkono mmoja ukirukaruka wenyewe. Mwanamume mpana aliyevaa koti la ngozi alisimama miguuni pa kitanda akiita, "Kibibi, Kibibi, ni baba."

"Pembeni," daktari akasema. Sikujua anatuambia mimi au yeye, kwa hiyo tulisogea wote wawili.

Daktari wa zamu ile ni mwanamke mfupi anayetumia maneno kama watu wanavyotumia maji ya kununua. Alikuwa tayari amemlaza mtoto ubavu, na oksijeni puani. Sista alilaza kando ya mtoto, kutoka kisogoni hadi kisiginoni, utepe wa kukadiria uzito kwa urefu.

"Kilo kumi na sita."

"Sukari."

Sista akatoboa kidole. Kile kidude cha kupimia kikalia. Sista akakisoma, kisha akakigeuza ili daktari asome mwenyewe.

"Moja nukta sita," daktari akasema. "Iko chini mno. Mshipa."

Hapo sista alifanya kazi ambayo mimi, ninayefunga watu kwa riziki yangu, sijawahi kuona mfano wake. Alipiga-piga kiganja cha mtoto, akaingiza sindano mara moja, kisha akakata kipande cha boksi la glavu na kuufunga mkono juu yake kwa plasta ili Kibibi asije akaunyofoa mpira. Daktari akaunganisha bomba nene la sindano lenye maji ya sukari, akalisukuma polepole huku akimtazama mtoto, wala si bomba.

Mkono uliokuwa ukirukaruka ukatulia. Mtoto akakohoa. Macho yakarudi mahali pake, yakamtazama kila mmoja wetu kwa hasira ya mtu aliyeamshwa.

"Maji," akasema.

Baba yake akacheka na kulia kwa pumzi moja. "Haya, amepona. Asante sana, dokta. Kibibi, shuka, twende nyumbani."

"Hajapona," daktari akasema. "Amejazwa."

"Amejazwa nini?"

"Sukari. Ndoo nimeijaza. Ilipotoboka sijui bado."

Akaanza kutafuta. Akammulika mtoto macho, kwanza moja, kisha la pili. Akamnusa mdomo. Akasikiliza kifua mbele na nyuma, akainamisha shingo ya mtoto taratibu hadi kidevu kikagusa kifua. Hana homa, sista akasema. Kipimo cha malaria kikaonyesha hakuna kitu. Alichanjwa? Alichanjwa. Ameumwa wiki hii? Hapana.

"Nyumbani kuna mtu mwenye kisukari?" daktari akamuuliza baba. "Kuna dawa yoyote, ya mtu yeyote?"

"Kwangu? Hakuna. Kwangu wote wazima, dokta. Hata panadoli hatuna."

Niliinusa sentensi ile. Safi kabisa.

Baba akanivuta kando, karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Alijimiminia, akagugumia, akajimiminia tena. Hofu hukausha koo, nikamhurumia.

"Afande, nisikilize. Mimi ni dereva wa malori, safari zangu ni ndefu. Nimerudi usiku, nimelala kama gogo. Nikaamka nikakuta kelele, mtoto kabebwa na yule mwanamke."

"Yule mwanamke ni nani?"

"Mke wangu." Akafuta mdomo. "Si mama yake mzazi. Mama yake alifariki. Unanielewa?"

Nilimwelewa zaidi ya alivyohitaji. Hadithi zote nilizosimuliwa utotoni zilikuwa na mama wa kambo, na sikumbuki hata mmoja aliyemaliza vizuri.

Nilimkuta kwenye korido, amesimama wima ukutani ingawa benchi lilikuwa na nafasi. Mwanamke mwembamba, utepe wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni, vipande vya uzi begani, mkoba mdogo wa kitambaa mkononi. Alikuwa amevaa ndala mguu mmoja. Mguu mwingine ulikuwa mtupu na wenye vumbi. Halii. Nikaliweka hilo akilini: halii.

"Wewe ndiye mama wa kambo?"

"Mimi ni mke wa babake. Lakini sema hilo, kama unalipenda zaidi."

"Asubuhi alikula nini?"

"Uji. Alikunywa nusu, akasema umemchosha."

"Ndani ulitia nini?"

"Maji, unga, sukari."

"Na kingine?"

"Mwiko."

Kuna watu hawajui kuwa mbele ya polisi mzaha una mwenyewe, na mwenyewe ni polisi. Nikakohoa.

"Baada ya uji?"

"Nikakaa kwenye cherehani, nina sare za shule za watu. Yeye akaingia chumbani kwa babake, huwa anapenda kumchezea babake akilala. Baadaye akatoka anayumba, jasho linamtiririka. Nikamwita, hanijibu. Nikambeba, nikakimbia. Naomba niende nikamwone."

"Subiri." Nikapunguza sauti, nikaweka ile huruma yangu ya kikazi. "Dada yangu, mtoto amezinduka. Amesema."

Uso wake ukafunguka. "Amesemaje?"

"Kasema, 'Mama kanipa kitu.'"

Ukafungika tena, taratibu.

"Basi hajasema," akanijibu. "Huyo mtoto hajaniita mama hata siku moja. Ananiita mama mdogo. Ukitaka kunidanganya, afande, ungeuliza kwanza."

Akanipita, akaingia ndani. Nikamfuata kwa hatua za mtu ambaye ndivyo alivyopanga tangu mwanzo.

Kibibi alikuwa amelala chali, macho nusu, dripu ikidondoka. Daktari alikuwa kitanda cha mwisho kwa mtoto mwenye pumu. Yule mwanamke aliinama akamvuta mtoto gauni lifunike magoti, na alipoinama mkoba wake ukagonga chuma cha kitanda. Ukalia. Kitu cha kioo.

"Mkoba," nikasema.

"Wa nini?"

"Lete."

Ndani mlikuwa na makasi, vifungo, na kichupa kisicho na karatasi ya jina, chenye maji ya manjano. Nikafungua kizibo nikanusa. Harufu ikanipanda hadi kwenye nyusi. Mafuta ya taa, au ndugu yake.

"Mafuta ya cherehani," akasema.

"Sijakutana na mtu aliyekamatwa na sumu akaiita sumu."

"Paka kwenye kidole uone. Ni ya kulainisha mashine."

"Afande," baba akasema kutoka nyuma yangu, glasi ya maji mkononi, "mwenye kosa unaye. Unasubiri nini?"

Nikatoa pingu. Mwanamke alinyoosha mikono bila kubishana, akimtazama mtoto tu, na chuma kilipolia mara mbili alisema, "Sijamfanya kitu." Nikamwambia wote husema hivyo, na kwamba akienda polepole atapata nafasi nzuri mahabusu, karibu na dirisha. Mtoto alionekana amelala.

Sista alikuwa ameshuhudia yote akiwa na trei mkononi. "Umemuuliza daktari?"

"Daktari anatibu, mimi nakamata. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, sista."

"Wengine huruka wakagonga dirisha," akasema, akaenda zake.

Nilimkabidhi mtuhumiwa kwa dereva wetu wa doria, tunayemwita Kobe kwa mwendo wake, nikasimama mlangoni hadi gari likatoka geti. Kisha nikarudi kwa daktari na kichupa changu, kama jogoo aliyetaga.

Alikichukua. Akanusa, akamimina tone kidoleni, akasugua.

"Mafuta ya mashine."

"Ndivyo alivyodai. Lakini tuseme mtoto kanyweshwa..."

"Angekohoa. Mdomo ungenuka. Kifuani ningesikia kitu kama karatasi inakunjwa. Nimesikiliza, pasafi." Akanirudishia kichupa. "Ingekuwa dawa ya wadudu, macho yangekuwa na mboni ndogo kama tundu la sindano, na mate yangemtoka. Mboni zake za kawaida, mate hana. Na hivyo vyote haviwezi kushusha sukari namna hii."

"Basi uji..."

"Dokta," sista akaita.

Hakupaza sauti. Lakini daktari aliondoka mbele yangu kabla sista hajafunga mdomo.

Kibibi alikuwa amelowa tena. Midomo imepauka, kichwa kimeangukia bega. Sista akamtikisa, akambana ncha ya kidole. Mtoto alinung'unika, hakufungua macho. Kidude kikalia.

"Moja nukta tisa."

"Dripu inaingia?"

"Inaingia. Mshipa mzima, nimeujaribu."

"Bomba jingine."

Daktari akasukuma tena maji ya sukari. Safari hii mtoto alichukua muda. Baba aliacha glasi yake. Hata yule mwenye pumu kitanda cha mwisho, nadhani, alishikilia pumzi, ingawa kwa hali yake sikumlaumu. Hatimaye Kibibi akakunja uso, akageuza kichwa.

"Amerudi," sista akasema.

"Kwa muda," daktari akajibu. Akanikamata mkono wa shati, akanivuta hadi kwenye sinki. "Sikiliza, na usinikatize. Mtoto aliyeshinda na njaa ukimpa sukari, inakaa. Huyu alipata bomba zima na dripu juu yake, na bado imeshuka. Maana yake kitu kilichomo mwilini kinaila kila ninapoileta. Kinaiamrisha kongosho yake imwage insulini bila kupumzika. Kuna vidonge vya wagonjwa wa kisukari vinavyofanya hivyo. Mtu mzima anameza asubuhi na kwenda kazini. Mtoto akimeza, ataanguka, ataamka, ataanguka tena, mchana kutwa na usiku wake. Na kila akianguka ubongo unalipa."

"Mpe dawa ya kuzuia."

"Ipo sindano yake. Iko bohari kuu, chache, na mkuu wa bohari hanipi kwa kuhisi. Na mimi nikihisi vibaya, kumbe ni maambukizi ya damu au ini, nitakuwa nimeua nikiwa nimetabasamu. Nataka mtu aniambie kuna vidonge nyumba ile."

"Babake kasema hakuna."

"Babake ni msafiri. Nataka anayeshinda mle ndani. Niitie yule mama."

Nikatazama sinki. Lilikuwa na bomba linalovuja, fundi alihitajika.

"Nimempeleka kituoni," nikasema.

Daktari akanionyesha simu yangu kwa kidole. Ningependa angenitukana.

Simu ya Kobe iliita ikakatika. Ikaita tena. Nilitembea kutoka mlango hadi mtungi wa maji na kurudi, nikimwona sista akiandaa bomba la tatu na kuliweka juu ya trei, tayari, kama mtu anayejua mgeni atafika. Mara ya nne Kobe akapokea.

"Uko wapi?"

"Foleni, Pua. Lori limelala njiani, tumeganda. Kwanza nilikuwa nimepitia..."

"Usiniambie ulipopitia. Mpe simu huyo mama."

"Ana pingu."

"Mshikie sikioni."

Nikasikia honi, mtu akitukana, kisha pumzi yake.

"Dada," nikasema. "Ni mimi. Nyumbani kwenu kuna dawa za kisukari?"

"Unataka niseme nini tena? Si umeshamaliza kesi?"

"Sukari ya mtoto imeshuka tena."

Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza, sikupata nafasi.

"Dawa sijawahi kuona," akasema haraka. "Uji alikunywa nusu, nusu nyingine nimekunywa mimi, na mimi ni mzima. Nguo zangu nazihesabu, vifungo navihesabu, hajameza kifungo. Alikuwa chumbani kwa babake. Mle kuna nini? Kuna kitanda, kuna begi la safari, kuna koti." Akasita. "Koti. Babake ana kopo la bati la peremende, anaweka mfuko wa ndani wa koti. Kila asubuhi hula moja, hampi mtu. Mtoto humlilia. Mimi mwenyewe niliwahi kumwomba moja, nina kikohozi, akanifokea kama nimemwomba figo."

"Peremende."

"Yeye ndivyo anavyoziita. Afande, mtoto yukoje?"

"Kobe," nikasema, "geuza gari. Panda hata ukingoni mwa barabara. Leo usiwe kobe."

Baba hakuwa kitandani. Hakuwa mtungini. Daktari, aliyelisikia neno peremende, alikuwa ameshanitangulia kutoka, na tulimkuta anatoka choo kile cha jirani na dawati langu. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu afike nilikuwa nimemwona mlangoni pale mara nyingi kuliko mwenye choo.

"Unakunywa sana maji, baba Kibibi," daktari akasema.

"Joto."

"Umevaa koti la ngozi."

Akafuta jasho usoni.

"Tuonyeshe peremende," nikasema.

"Peremende gani?" Mdomo uliuliza, mkono ukajibu: uliruka hadi kifuani upande wa kushoto na kutulia juu ya koti. Akauona, akauteremsha. Akachelewa.

"Mimi si polisi," daktari akamwambia. Alisogea karibu, akalazimika kuinua kichwa ili amtazame. "Huyu ndiye polisi, na leo hajatusaidia sana. Mimi sina kesi na wewe. Nina mtoto ambaye nimemwamsha mara mbili na sijui kama nitamwamsha mara ya tatu. Kopo lina nini?"

Alilitoa kama mtu anayejing'oa jino. Kopo dogo la bati, bapa, lenye picha ya majani ya mnanaa. Daktari akalifungua. Lilikuwa tupu, chini kukiwa na unga mweupe tu.

"Jana lilikuwa linalia," baba akasema. "Leo nilipovaa koti halikulia. Nikajua zimemwagika kwenye gari."

"Ulijua?" nikauliza.

"Nilitaka ziwe zimemwagika kwenye gari."

"Vidonge vya kisukari?" daktari akauliza.

"Ndiyo."

"Jina."

Akalitaja, chini kwa chini, akitazama korido kana kwamba tajiri wake amejificha nyuma ya machela. Daktari alifumba macho mara moja, akafumbua.

"Vilibaki vingapi?"

"Vichache. Vitatu, vinne. Dokta, wakijua kazini nitanyang'anywa usukani. Kwetu ukipatikana na sukari unahamishiwa kulinda geti. Sikumwambia hata mke wangu, kaka yake tunafanya naye kazi. Kibibi aliniona nikimeza. Akaniuliza ni nini. Ningemwambia dawa, angeimba nyumba nzima. Nikamwambia ni peremende za wakubwa." Akajishika kichwa. "Nilimwambia ni tamu."

Daktari hakuwa tena hapo. Tulimsikia akiwa ndani ya chumba, akizungumza na simu ya bohari kwa maneno mengi kuliko aliyoyatumia asubuhi nzima, na hakuna hata moja lililokuwa la kubahatisha.

Sindano ilifika mikononi mwa sista mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu kuileta. Kabla yake sukari ilikuwa imeanza kuteremka tena: tatu nukta mbili, mbili nukta nane. Bomba la tatu likatumika. Daktari akachoma ile dawa pajani, chini ya ngozi, tone dogo lisilofanana na kelele tulizopiga kwa ajili yake. Kisha kazi ikawa ile ngumu kuliko zote, ya kukaa na kutoboa vidole. Baba aliketi sakafuni. Hakuna aliyemwambia aketi hapo. Mimi nilishika nguzo ya dripu ambayo ilikuwa imesimama vizuri bila mimi.

Tatu nukta tisa.

"Hiyo ni ya bomba," daktari akasema. "Usinitazame hivyo."

Tukasubiri. Nne nukta sita.

Tukasubiri zaidi, jua likahama kutoka dirisha la kwanza hadi la pili.

"Tano nukta moja," sista akasema. "Na dripu nimeipunguza."

Daktari akavuta kiti, akaketi. Sikuwahi kujua kama ana magoti yanayokunjika.

"Atalala hapa leo na kesho," akamwambia baba. "Tutampima hata akilia. Na wewe nitakupima ukimaliza kulia."

Hapo ndipo Inspekta akaingia, mkuu wangu, fimbo kwapani, amepata habari kwamba kuna mauaji ya mtoto. Alipomkuta marehemu anataka biskuti, aligeukia kwangu.

"Nieleze."

Nilisimama sawasawa. Nilimweleza jinsi macho yangu yalivyovutwa na mtu anayevaa koti la ngozi kwenye joto. Nilimweleza habari za mtungi wa maji na mlango wa choo, dalili ambazo mpelelezi wa kawaida angezipuuza. Nilimweleza kopo. Sista alikohoa mahali fulani katikati, nikaongeza kwamba daktari naye alisaidia.

Inspekta akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Nimeambiwa ulikamata mwanamke."

"Kukamata ni neno kubwa, afande. Mama wa watu alikuwa amechoka, hana kiatu. Nikamwambia Kobe ampe lifti akapumzike. Hakuna aliyemtuhumu mtu."

Kama aliyeitwa, yule mwanamke akatokea mlangoni. Kobe alikuwa nyuma yake, akinifanyia ishara za macho ambazo sikuzielewa. Mwanamke alikuwa amejifunika mtandio mabegani hadi kiunoni, wa kuazima, ukiwa na rangi asiyoweza kuchagua fundi nguo. Hakumtazama mumewe aliyeketi sakafuni. Hakunitazama mimi. Alisimama hatua mbili kutoka kitandani, akaishia hapo, mikono ndani ya mtandio.

"Mama," Inspekta akamwambia kwa heshima, "kijana wangu anasema alikupa lifti ukapumzike. Ni kweli?"

Alifikiri. Naapa alifikiri, na kwa jinsi midomo yake ilivyolegea nilijua ataniachia, si kwa kunipenda, ila kwa kuwa alikuwa na haraka ya mambo mengine.

"Mimi nataka kumwona mtoto tu, afande," akasema.

Nikashusha pumzi. Inspekta akasogea ampishe.

Kibibi alikuwa ameegemea mto, mkono wake uliofungwa kwenye boksi umelala juu ya shuka. Alimtazama mama yake mdogo usoni, kisha akamtazama mtandio, pale mikono ilipopaswa kutokea.

"Mama mdogo, mbona hunishiki?"

"Nakuja. Mikono ina vumbi."

"Bado umevaa zile chuma?" mtoto akauliza. Akaninyooshea kidole, kile kilichotobolewa kuliko vyote. "Anko alikufunga, ukasema hujanifanya kitu, anko akasema wote husema hivyo."

Hakuna aliyekohoa safari hii. Inspekta alitembea polepole hadi kwa yule mwanamke, akamwomba radhi, akainua ncha ya mtandio kwa fimbo yake. Kobe akatazama dari.

Inspekta hakunigeukia. Alinyoosha mkono tu nyuma yake, kiganja juu.

"Ufunguo."

Nikapapasa mfuko wa kulia. Nikapapasa wa kushoto. Nikapapasa wa shati, nikarudi wa kulia. Chumba kizima kilinisubiri, baba kutoka sakafuni, sista na trei yake, na mtoto aliyekuwa akinitazama kwa makini sana, na hakuna aliyenisaidia kutafuta.